Waranti haikupanda meli (Pesa ya familia, sehemu ya 6)



Tumeshaongea bima, tumeongea akiba ya kujifungua, tumeongea vikoba. Leo naingia kwenye eneo ambalo baba watoto wanapenda tuwaachie wao: gari. Najua kuna watakaosema, nesi na magari wapi na wapi? Jibu ni hili. Breki zikikataa, wanaoletwa kwetu hospitali ni ninyi na watoto. Na pesa ya gari ikipotea, mtoto anayepungua uzito kliniki napima mimi. Kwa hiyo niacheni niseme.

Kuna sentensi moja imekuwa kama dua mjini kwetu: "Hili limetoka Japani." Ukishaambiwa hivyo, maswali yanaisha. Huulizi limetembea kiasi gani, huulizi liligongwa wapi, huulizi likiharibika unamrudia nani. Na kinyume chake, ukisikia "limeundwa hapa hapa nchini", watu wanacheka kabla hata hawajaliona.

Mimi nasema hivi: mahali kitu kilikotoka si waranti. Waranti ni mtu wa kumrudia.

Tuwe wakweli kwanza. Magari ya Japani hayajapata sifa ya bure. Kule gari jipya likifikisha miaka mitatu linakaguliwa kwa lazima, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi wenyewe una gharama. Wengi wanaona bora wauze, wanunue jingine. Ndiyo maana tunapata IST, Vitz, Noah na Probox zikiwa bado na nguvu. Hilo sibishani nalo.

Lakini hesabu ya waranti ifanye mwenyewe. Kwa kawaida mtengenezaji wa Japani anampa mnunuzi wa kule waranti ya miaka mitatu au kilomita 60,000, kinachotangulia. Kwa vitu vikubwa kama injini na giaboksi, miaka mitano au kilomita 100,000. Sasa wewe unanunua gari la mwaka 2010. Waranti yake ilikwisha zamani, tena ilikuwa ya mnunuzi wa kule. Gari lilipanda meli, waranti haikupanda.

Kuna familia naifahamu, sitaitaja. Waliuza kiwanja, wakaongezea na mgao wa kikoba, wakanunua gari la biashara kwenye yadi moja Dar. Safari ya kulileta huku mwisho wa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Walipopita Kaliua giaboksi ikagoma. Wakapiga simu kwa muuzaji, wakajibiwa: "Gari la Japani halina shida, labda dereva wenu. Na likishatoka getini ni lenu." Karatasi waliyokuwa nayo ilikuwa risiti tu. Mama mwenye nyumba alikuwa na mimba ya miezi saba, na pesa ya maandalizi yake ndiyo iliyokwenda kununua giaboksi ya mtumba.

Aliyewaangusha hapo si Japani. Ni kwamba kati ya Japani na Kaliua hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesema "likiharibika, niko mimi".

Sisi wodini tumefundishwa tofauti. Mama akiniuliza, "Nesi, hii dawa ni ya India au ya hapa?" mimi naangalia mambo mengine kwanza: tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya toleo. Ile namba ina kazi. Dawa ikigundulika ina kasoro, TMDA wanaweza kutangaza toleo fulani liondolewe, nasi tunalitafuta kabatini na kulitoa. Dawa yenye mtu wa kuifuatilia ni salama kuliko dawa yenye jina kubwa isiyo na mwenyewe.

Magari nayo yana utaratibu huo, ila sisi wa mitumba mara nyingi tuko nje yake. Chukua ile mifuko ya hewa, ambayo fundi anaiita eabegi. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza mifuko iliyofungwa kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda na magari mengine mengi. Ikaja kugundulika kwamba kemikali ya kuulipua mfuko inaharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, na siku ya ajali inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa aliyekaa mbele. Watu wamekufa. Makumi ya mamilioni ya magari duniani yaliitwa yarudi kubadilishiwa bure, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017.

Sasa fikiria. Barua ya kuita gari inaenda kwa mwenye gari anayejulikana huko Japani. Wewe uko Kibirizi, kando ya ziwa, kwenye joto na unyevu. Barua hiyo nani atakuletea?

Tuje kwa vya kwetu. Tanzania si kwamba haijawahi kugusa magari. Kibaha kulikuwa na TAMCO iliyokuwa ikiunganisha malori ya Scania. Nyumbu, chini ya jeshi letu, wamekuwa kwenye kazi ya teknolojia ya magari tangu miaka ya 1980. Siku hizi GF wanaunganisha malori ya FAW hapo hapo Kibaha. Majirani zetu Uganda wana Kiira Motors na mabasi yao ya Kayoola. Tukisikia haya tunacheka: "Litapanda mlima hilo?"

Hata Wajapani walichekwa. Toyota walipopeleka Toyopet Crown Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, gari lilihemea kwenye barabara kuu za kule, na ilibidi wajipange upya. Hyundai ya Korea iliingia huko mwaka 1986 kwa bei rahisi ikageuka utani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikatoa waranti ya miaka kumi au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Ni kama kusema: mnadhani letu bovu? Basi likiharibika tutalipa sisi. Jina likaanza kubadilika.

Kwa hiyo sisemi mnunue cha nchini kwa huruma. Huruma haisimamishi gari kwenye mteremko. Nasema cha nchini na cha nje viulizwe swali moja: nani atawajibika, kwa muda gani, na kwa maandishi? Anayeunganisha Kibaha akikupa waranti ya maandishi, na ana gereji na spea, huyo amekupa kitu ambacho muuza mtumba hajakupa. Asipokupa, bendera kwenye boneti haikusaidii.

Na jambo hili hapa Kibirizi tunalijua, tumelisahau tu. Nenda mwaloni. Boti ya mbao imeundwa na fundi ambaye kila mtu anajua anakokaa. Ikivuja, anafuatwa nyumbani. Mashine ya nyuma ni Yamaha kutoka nje, boti ni ya hapa hapa, na hakuna mvuvi anayeona ajabu. Hata Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma. Ilizamishwa vitani, ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927. Jina la Ujerumani peke yake lisingeifikisha kwa vitukuu. Ni mikono ya mafundi wa kuirekebisha, mmoja baada ya mwingine.

Basi kabla ya kutoa pesa ya familia, mama, kaa kwenye hayo mazungumzo. Usiambiwe "haya ya wanaume". Dai haya:

1. Karatasi ya mnada kutoka Japani. Ina alama ya hali ya gari na kilomita. Ukiona herufi R, mara nyingi gari liligongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita na zilizo kwenye dashibodi.

2. Namba ya chesisi. Iulizwe kwa wakala wa kampuni hiyo nchini au kwenye tovuti ya mtengenezaji, kama gari liliitwa kurekebishwa na kama lilirekebishwa.

3. Matairi. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kung'aa na likawa zee.

4. Fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Akague kabla pesa haijatoka.

5. Ahadi kwa maandishi. Hata mwezi mmoja wa injini na giaboksi, iandikwe, isainiwe, iwe na jina na namba ya simu. Muuzaji anayeapa kwamba gari ni zuri ila hataki kuandika, ameshakujibu.

Na lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe ukanyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi hiyo. Tunza risiti na meseji zote. Malalamiko bila karatasi ni hadithi.

Jambo la mwisho, hili ni la kinesi kabisa. Mtoto mchanga asipakatwe kiti cha mbele, hata kama gari limetoka Japani jana. Mfuko wa hewa ukifunguka unapiga kwa nguvu kubwa, na kati yako na mfuko atakuwepo yeye. Hapo waranti ya mtoto ni wewe.

Ijumaa naendelea na viti vya watoto vya kwenye gari: vipya, vya mtumba, na vipi vya kuachana navyo. Wenye maswali andikeni hapa chini. Na wewe baba uliyesoma mpaka mwisho, hongera, sasa mpe mama simu asome.