Namba kubwa ilipimwa mara mbili, na mifuko yetu?

Andika 2 mara 136.279.841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Jibu lina tarakimu 41.024.320, nalo ni namba tasa: haigawanyiki na namba yoyote bila kubakiza, isipokuwa 1 na yenyewe, sawa vile 7 ao 13. Watoto wetu kwenye masomo wanaiita « nombre premier ». Luke Durant wa Marekani njo aliipata mwezi wa kumi 2024.

Lakini hakuna aliyemwambia: tunakuamini, basi. Mashine ya kwanza, ya Dublin, ilitoa jibu tarehe 11. Kesho yake mashine ingine, ya San Antonio kule Texas, ikaipima kwa njia ingine. Kisha watu wengine wakairudilia na mashine na programu tofauti. Tarehe 21 njo ikatangazwa.

Juu ya nini taabu yote hii? Juu jina kubwa halitoshi. Mwaka 1644 padri Mersenne wa Ufaransa, mtu wa kuheshimiwa sana, aliandika orodha ya namba za aina hii. Ndani aliweka ile ya 2 mara 67, kutoa 1. Ni mwaka 1876 tu Lucas akaonyesha kwamba haiko tasa. Mwaka 1903, kule New York, Cole akaitenga wazi: 193.707.721 mara 761.838.257.287. Mwenye kalamu na uvumilivu anaweza kuzidisha yeye mwenyewe.

Sasa tuje kwetu. Tunatoka shimoni na mfuko, tunafika depo. Mizani inaangalia upande wa mnunuzi. Kimashine cha kupima asilimia ya shaba ao kobalti, yeye peke yake anakisoma. Anasema: « Iko 2. » Ukiuliza, anajibu: « Kama hutaki, beba. » Jioni ile, nyumbani, franga za masomo zinakosa.

Hatusemi kila mnunuzi ni mwizi. Mersenne hakuwa mwizi, alikosea tu. Tunasema hivi: kipimo ambacho mtu mwingine hawezi kukirudilia haiko kipimo, ni neno la mtu.

Kwa hiyo tunaomba mizani igeuzwe, wote waone. Tunaomba koperative zetu ziwe na mizani na kimashine yao, mfuko upimwe mara ya pili mbele ya malipo. Na ninyi wamama, msikubali mutoto aseme hesabu ni mambo ya wazungu. Jioni aandike ndani ya kaye kilo, asilimia na bei, arudilie hesabu ya baba yake.

Namba ya tarakimu milioni 41 ilikubali kupimwa tena. Mfuko wa kilo 50 utashindwa na nini?