AJALI HAINA KINGA, LAKINI UZEMBE UNA MWENYEWE



Mwenzetu akifia hospitalini, au akitoka na kilema ambacho hakuingia nacho, sisi wafanyakazi tumezoea kusema maneno mawili. La kwanza, "Mungu amependa." La pili, "Ajali haina kinga." Kisha twachanga fedha za mazishi, twarudi kazini, na jambo limekwisha.

Chama chasema halijakwisha. Ajali haina kinga, ni kweli. Lakini uzembe si ajali. Uzembe una mwenyewe, naye hutafutwa kwa sheria.

Kwanza tuelewane. Daktari si Mungu. Mgonjwa aweza kufa mikononi mwa daktari hodari ambaye hakukosa lolote. Kwa hiyo sheria haimwulizi daktari, "Mbona hukumponya?" Yauliza mambo matatu. Je, mgonjwa huyu alikuwa katika uangalizi wako? Je, ulimtibu kwa uangalifu unaompasa mtu wa kazi yako? Na je, madhara yalitokana na kosa lako, au na ugonjwa wenyewe? Mdai asipothibitisha yote matatu, kesi yake huanguka.

Kipimo cha uangalifu huo kilitoka Uingereza, katika kesi ya John Bolam ya mwaka 1957. Bolam alivunjika mifupa alipokuwa akitibiwa kwa umeme. Akashindwa kortini, kwa sababu madaktari wengine wenye kuaminika walikuwa wakitibu vivyo hivyo. Korti zetu za Kenya zimekitumia kipimo hicho mara nyingi. Mtu atasema, "Basi madaktari wanajihukumu wenyewe!" Sivyo kabisa. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji wa juu wa Uingereza walikata shauri kwamba ushahidi wa mabingwa usiosimama kwa akili waweza kukataliwa na korti.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa kazi: nani hubeba lawama?

Mwezi wa Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, walikuwako wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, ilimpasa apasuliwe. Mwingine alikuwa na uvimbe tu. Wakabadilishwa, na yule asiyehitaji kisu ndiye aliyefunguliwa kichwa. Saa zilipita kabla ya madaktari kuona kwamba damu waliyoitafuta haimo. Mara moja daktari mpasuaji, wauguzi na mtoa dawa ya usingizi wakasimamishwa kazi. Madaktari wenzao wakapiga kelele. Waziri naye akampeleka mkuu wa hospitali likizo ya lazima.

Hatusemi mpasuaji asiulizwe. Aulizwe! Mgonjwa yule angeweza kuwa mke wako au mwanao. Lakini mgonjwa hupita mikono mingi kabla ya kulazwa mezani. Nani alipanga utaratibu wa kumtambua? Nani aliamua wodi iwe na wauguzi wangapi na daktari akae zamu saa ngapi? Watu hao pia waitwe. Sisi twajua tangu kiwandani: mashine isiyo na kinga ikikata kidole, msimamizi husema kibarua alilala. Tukikataa maneno hayo kiwandani, hatuwezi kuyakubali hospitalini.

Na sheria yenyewe iko upande wetu hapa. Dereva wa lori akigonga mtu akiwa katika kazi ya tajiri, tajiri hudaiwa pamoja naye. Ndivyo ilivyo kwa hospitali na watumishi wake.

Lakini iko sehemu ya sheria ambayo haitupendezi hata kidogo. Anayedai fidia kwa hospitali ya mtu binafsi ana miaka 3 ya kufungua kesi. Anayeidai Serikali amepewa miezi 12 tu. Basi mwenye fedha ana miaka mitatu, na mfanyakazi aliyepanga foleni ya umma ana mwaka mmoja, huku bado anatembelea magongo! Korti yaweza kuongeza muda kwa aliyekuwa hajui jambo kubwa lililofichika, lakini hiyo ni njia nyembamba. Twaitaka Bunge iondoe tofauti hiyo. Mguu wa maskini hauponi upesi kuliko mguu wa tajiri.

Mpaka hapo, kila mwanachama aliyeumizwa katika hospitali ya umma ajihesabie miezi 12, wala asingoje. Afanye hivi:

Moja. Aombe karatasi zake za matibabu kwa barua, na kubaki na nakala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa haki ya kupata habari zake mwenyewe.

Mbili. Aandike malalamiko. Sheria ya Afya ya 2017 yasema kila mtu ana haki ya kulalamika juu ya alivyotendewa hospitalini, na malalamiko yake yachunguzwe. Kosa la daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo laweza kumwonya, kumsimamisha au kufuta jina lake. La muuguzi lina Baraza la Wauguzi, na la afisa wa kliniki lina baraza lake.

Tatu. Akumbuke kwamba kumwadhibu daktari ni jambo moja na fidia ni jingine. Akitaka fidia aone wakili mapema, kwa maana siku za korti haziwezi kumngojea Baraza limalize.

Nne. Asimpige muuguzi wala kumtukana. Yule naye ni mfanyakazi, na pengine usiku huo alikuwa peke yake na wodi nzima.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Wako wanachama wenye makovu ambayo hawajayasema. Waje ofisini kwa Katibu wa tawi na karatasi zao, kabla mwaka haujapita.

Umoja ni nguvu.