Bahari Yaitikisa Tabora

Wazee wetu walipofunga mizigo Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, waliamini wameipa bahari kisogo. Kwa miguu, safari ya kufika Unyanyembe ilichukua miezi miwili au mitatu, na mshindo wa mawimbi ulibaki pwani. Leo twajua kwamba mshindo huo haukubaki nyuma, bali uliwatangulia.

Ardhi haitulii hata siku moja. Dhoruba ivumapo baharini, mawimbi yanayokutana uso kwa uso huisukuma sakafu ya bahari, jambo ambalo Mwingereza Longuet-Higgins alilieleza kwa hesabu mwaka 1950. Msukumo huo hupita ardhini kwa mwendo wa kilomita 3 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mtetemo utokao Bagamoyo huweza kufika Tabora, yapata kilomita 690 kwa mstari ulionyooka, katika muda wa dakika 4 hivi. Ni hafifu mno. Binadamu hauhisi, wala maji ya mtungini hayachezi. Lakini mashine huunasa.

Mwaka 1994 na 1995 watafiti kutoka Marekani walizitega mashine za namna hiyo nchini mwetu, zikiwamo za Puge na Urambo mkoani Tabora. Kazi ilipokwisha, ziliondolewa. Kumbukumbu zake zimewasaidia wataalamu wa ng'ambo kuichunguza miamba iliyo chini ya nyayo zetu. Tena, mitetemo hii ya bahari, ambayo zamani ilidhaniwa kuwa kelele tupu, sasa hutumika kuupima undani wa ardhi bila kungoja tetemeko.

Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilitufundisha kwa machozi kwamba ni hatari kutoijua ardhi tunayojenga juu yake. Hatuna budi, basi, kuitafuta elimu hii wenyewe. Tabora ni mji wa shule zilizowalea viongozi wa Taifa. Haifai vijana wake wazisikie habari za ardhi yao kutoka kwa wageni. Wafundishwe kuzisoma kumbukumbu hizo, na mashine zitakapotegwa tena, wazitunze na kuzifasiri wao.

Katika misafara ya zamani, babu zetu walibeba mali isiyo yao mpaka pwani. Wajukuu wao wasiwe wapagazi wa elimu ya wengine.