Silikanti na Jarife la Mvuvi

Samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu miaka milioni 66 iliyopita alinaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Ndiye silikanti. Tangu 2004 wavuvi wa Tanga wamewanasa makumi, katika majarife yaliyotegwa vilindini kwa ajili ya papa. Wala si kitoweo. Nyama yake ina mafuta mno. Utafiti wa 2021 ulikadiria kwamba hubeba mimba miaka 5 hivi na huweza kuishi karne nzima. Basi jike mmoja akifia wavuni, pengo lake halizibiki upesi. Mwaka 2009 Tanga ilipata hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Naiunga mkono, lakini mvuvi mwenye watoto hali tangazo. Apewe kwanza zana za kuvulia mbali na vilindi hivyo, ndipo aulizwe habari za jarife lake.