Nyumba Ijue Upepo Wake

Ukizungumzia ujenzi unaojifunza kutoka kwa viumbe, mfano wa kwanza kutajwa ni Eastgate, jengo la maduka na ofisi mjini Harare lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alitazama vichuguu vya mchwa akabuni jengo lisilotegemea viyoyozi vya kawaida. Usiku feni hupitisha hewa baridi kwenye zege. Mchana zege lile hupoza hewa inayoingia ofisini, na hewa ya joto hupanda kwenye dohani hadi juu ya paa.

Miaka ya baadaye watafiti Scott Turner na Rupert Soar walionyesha kwamba kichuguu chenyewe hakipozwi hivyo. Upepo unaobadilika-badilika hukifanya kipumue kama mapafu, na joto la kiota hufuata lile la udongo unaokizunguka. Eastgate bado lilifanikiwa, kwa kuwa Pearce alikuwa ameielewa hali ya hewa ya Harare.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Tukiiga umbo bila kujua kazi yake na mahali pake, tutabaki na mapambo. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wake una ubaridi wa kuwekwa akiba. Dar es Salaam mwezi Februari haina akiba hiyo. Ukuta wa bloku ulioshiba jua la alasiri huutoa moto wake usiku, watoto wakiwa wamelala. Pwani hutaka kivuli na upepo kabla ya kitu kingine chochote.

Kule Turkana, kwenye jua kali na vumbi, minara ina sababu. Kampasi ya Startup Lions aliyoisanifu Francis Kéré, iliyokamilika mwaka 2021, ina minara mirefu inayofuata mfano wa vichuguu: hewa ya moto hutokea juu, hewa safi huingilia matundu ya chini. Mtwara vijijini jibu ni jingine. Huko zimejengwa nyumba 110 za ghorofa kwa ajili ya utafiti wa afya ya watoto; vyumba vya kulala viko juu, kuta zake ni za wavu, upepo unapita na mbu wanazuiwa.

Sasa tutazame tunachojenga mitaani. Dirisha la alumini la kuteleza lina vioo viwili, na hata ukilifungua lote nusu yake imezibwa. Bati halina dari, upenu umekatwa mfupi ili kuokoa mbao, mwembe umeng'olewa kupisha maegesho, na ukuta wa uzio umepanda hadi kuukata upepo uliokuwa bure. Kisha tunanunua kiyoyozi na kulipa umeme mwezi hadi mwezi. Mpangaji wa chumba kimoja, asiyeweza kununua kiyoyozi, huhamishia godoro barazani. Hili linaniuma, maana halikusababishwa na umaskini wa vifaa. Ni maamuzi ya mchoro.

Basi, msomaji unayetaka kujenga, kabla fundi hajachimba msingi, simama naye kiwanjani saa kumi alasiri. Muulize kusi na kaskazi vitaingilia wapi, jua litapiga ukuta upi, na mti gani utabaki. Asipokuwa na jibu, usimruhusu aanze.