MAGITAA YALIYOTENGENEZWA YANATUFAA



Mkutano ujao utaamua juu ya fedha ya vyombo vya kwaya na kikundi cha vijana. Pendekezo lililobandikwa hapa wiki iliyopita linasema tununue gitaa moja jipya la dukani kutoka Dar es Salaam. Sisi wa kikundi hatukubaliani nalo. Kwa fedha ile ile, fundi mmoja wa Mbeya mjini ametuonyesha magitaa kavu matatu ya zamani aliyoyatengeneza, na nauli ya basi inabaki.

Wapo wanaosema mtumba ni aibu kwa ushirika. Aibu iko wapi, jamani? Makoti tunayovaa hapa Mufindi mwezi wa saba, baridi inapoingia mpaka kwenye mifupa, ni mitumba karibu yote, na hakuna aliyekataa kuyavaa. Wazee wetu walikuwa na ligombo: mti uliochimbwa kama kihori kidogo, uzi mmoja umezungushwa huku na huku, na kibuyu cha kukuza sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipopita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, alilirekodi ligombo la Wahehe. Uzi ukikatika, mwenyewe alifunga mwingine akaendelea.

Lakini hoja yetu kubwa siyo bei. Gitaa jipya likifika hapa litafungiwa kabatini, ufunguo kwa katibu. Hatumlaumu katibu, maana atakuwa amekabidhiwa mali ya thamani. Litatoka siku ya mgeni rasmi, litarudi ndani. Sasa nani atajifunza? Gitaa hujifunzwa kwa kulishika kila siku mpaka ncha za vidole ziwe sugu. Haya matatu ya bei nafuu yatashikwa. Likikwaruzwa, basi limekwaruzwa.

Na yawe ya nani? NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Utaratibu ule ulikuwa na uzuri wake, maana kijana asiye na kitu aliweza kupiga gitaa asiloweza kulinunua. Ubaya ni kwamba siku ya kuondoka aliondoka mikono mitupu. Sisi tunapendekeza magitaa yaandikwe kwenye daftari la mali ya ushirika, ila kijana aliyekwisha kujua kupiga aruhusiwe kulinunua lake kidogo kidogo kila baada ya mavuno, na fedha hiyo inunue jingine kwa fundi.

Hatari ipo, tusidanganyane. Gitaa bovu lililopakwa vanishi hung'aa kuliko zima. Kwa hiyo watakaotumwa Mbeya wasilipe kabla ya kulikagua. Weka jicho mwisho wa shingo, uitazame kama seremala anavyotazama ubao: ikiwa imejisokota, acha. Chukua kamba, pima kutoka pale nyuzi zinapoanzia kichwani hadi chuma cha 12 cha shingoni, kisha kutoka hapo hadi kwenye daraja. Vipimo viwe karibu sawa kabisa. Kama sivyo, daraja limegundishwa mahali siyo, na gitaa hilo halitaimba sawa hata lipigwe na bingwa. Chungulia ndani ya tumbo kwa tochi, utafute ufa na unga wa wadudu wanaobungua mbao. Halafu fundi alifunge nyuzi zote sita, alikaze mbele yenu, na mnywe chai kwanza. Likiwa limelegea mkirudi, ulizeni kwa nini.

Jambo moja limeua magitaa mengi. Gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni lisifungwe nyuzi za chuma, wala waya za breki ya baiskeli. Chuma huvuta kwa nguvu zaidi na daraja hung'oka. Uzi mwembamba wa nailoni ukikatika na duka liko mbali, mshipi wa kuvulia samaki wenye unene ule ule unafaa kwa muda.

Njiani kurudi, Uyole, Chimala, Makambako hadi huku, gitaa lipakatwe, lisitupwe kwenye buti la basi chini ya magunia. Nyumbani lisitundikwe juu ya moto. Najua (yaani tunajua) watu hufanya hivyo kufukuza wadudu, lakini joto hukausha gundi na ubao unapasuka, hasa kiangazi.

Mwisho, kuna nyumba hapa kijijini zenye magitaa yaliyovunjika yamelala darini tangu enzi za akina baba. Mwenye nalo alilete ofisini kabla ya Jumamosi, hata kama halina shingo, tulipeleke kwa fundi aseme kama linatengenezeka. Tafadhali msilipigilie misumari kwanza.

Kikundi cha Muziki