Unajenga banda la ng'ombe shambani? Kibali pia kinakuhusu

Wengi mashinani wanaamini kibali cha ujenzi ni mambo ya watu wa mjini. Shamba ni lako, unaita fundi, unanunua mbao na mabati, na baada ya wiki moja ng'ombe wako ndani.

Sheria ya Kenya inaona vingine. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mtu apate kibali cha kaunti kabla ya kuanza kuendeleza ardhi. Na "kuendeleza" humo ni neno pana: kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi, au kubadilisha matumizi ya ardhi au jengo. Ufafanuzi huo hautenganishi ghorofa ya Kiambu na banda la kuku la Vihiga.

Ukianza bila kibali na upatikane na hatia, faini inaweza kufika Sh500,000, au jela hadi miezi miwili, au yote mawili. Kwa mwenye ng'ombe wawili, pesa hizo ni banda, ng'ombe na karo ya watoto.

Kaunti ina hoja yake. Kwenye ploti za nusu ekari, samadi yako iko hatua chache tu kutoka kisima cha jirani. Lazima mtu aangalie banda linakaa wapi.

Shida ni kwamba mkulima mdogo anaombwa makaratasi kama mwekezaji. Kuna ramani, kuna ada ambayo kila kaunti inajipangia, na kwa kawaida kuna nakala ya hati ya shamba. Hapo wengi hukwama, kwa sababu hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani na urithi haujagawanywa.

Kwa hivyo watu hujenga kimya kimya, na mara nyingi hakuna anayeuliza. Lakini sheria iliyolala huamka siku unapokosana na jirani. Akipiga ripoti, kaunti inaweza kukuandikia notisi usimamishe kazi.

Kuna kipengele kimoja kinachomlinda mkulima, na wachache wanakijua. Ukiwasilisha ombi na siku 60 zipite bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kwamba kibali kimetolewa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango ya ardhi.

Lakini siku hizo 60 hazimsaidii ambaye hakuomba. Kabla fundi hajachimba shimo la kwanza, uliza ofisi ya mipango ya kaunti yako banda la ukubwa wako linahitaji nini. Ukipeleka ombi, dai nakala iliyopigwa muhuri na tarehe, kisha uihifadhi vizuri. Jirani akilalamika, hiyo ndiyo utetezi wako.